Kuishi Moshi na Kuujua Mpaka: Mwongozo Kamili wa Himo, Holili, Rombo na Ziwa Jipe

Anayehamia Moshi kwa kazi, masomo au ndoa huonyeshwa upesi mambo mawili: mlima, na barabara ya kwenda Arusha. Upande wa mashariki, kuanzia njia panda ya Himo, huachiwa wafanyabiashara na madereva wa malori. Naona hiyo ni hasara kubwa. Ukielekea huko utasikia Kivunjo, Kirombo, Kigweno, Chasu, Kitaveta, Kikamba na Kimaasai. Utanywa mtori asubuhi Marangu na kula githeri mchana Taveta. Utakuta ukoo mmoja wenye vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, Tanzania na mashamba Kenya, na wote wanajuana kwa majina ya babu zao.

Mstari wa mpaka ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, Ulaya, bila kumuuliza mtu yeyote aliyekuwa akiishi hapa. Umekuja moja kwa moja kutoka pwani, ukapinda ili kuuacha mlima upande wa Wajerumani na Taveta upande wa Waingereza, kisha ukaendelea hadi Ziwa Victoria. Ile hadithi kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa haina ushahidi. Ilikuwa biashara ya mezani. Watu waliokuwa wakibadilishana ndizi, chumvi, mifugo na majembe kwenye ukanda huu waliendelea kubadilishana, na bado wanaendelea.

Kwa hiyo usiuendee ukanda huu na orodha ya vivutio mkononi. Fuata masoko na ufuate maji. Hivyo viwili ndivyo vilivyounganisha watu wa hapa kabla ya mstari, na ndivyo vitakavyokufikisha nyumbani kwa watu.

Hatua ya kwanza: chagua pa kukaa

Kama kazi yako iko mjini au hospitali ya KCMC, maeneo kama Rau, Longuo, Majengo, Soweto na Pasua yatakufaa kulingana na mfuko wako. Ukitaka kuwa karibu na mashariki, mimi ningetazama Kiboriloni kwanza. Iko kwenye barabara ya Himo, magari hayakatiki, na soko liko mlangoni.

Himo ni chaguo la mtu wa biashara. Ni joto, ni vumbi, malori yanaunguruma usiku, lakini barabara zote muhimu zinakutana pale: kushoto unapanda Marangu na Rombo, mbele unakwenda Holili, kulia unakamata barabara ya Mwanga, Same na Dar es Salaam. Marangu ni baridi na mvua, mahali pazuri pa mtu anayependa utulivu na asiyeogopa tope. Tarakea ni mbali zaidi, baridi inauma, na huko mpaka si habari ya safari, ni habari ya kila siku: watoto wanaziona nyumba za Kenya wakiwa njiani kwenda shule.

Kabla ya kulipa kodi, uliza mambo haya bila aibu. Mita ya LUKU ni yako peke yako au mnachangia? Maji yanatoka kila siku au kwa zamu? Gari linafika mlangoni wakati wa masika? Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, kwa hiyo andikisheni mkataba, na mwenyekiti wa mtaa au kijiji aujue. Ukishahamia, nenda ukajitambulishe kwake na kwa balozi wa nyumba kumi, uingizwe kwenye daftari la wakazi. Mjini unaweza kukaa mwaka bila kufanya hivyo na usiulizwe. Kwenye vijiji vya mpakani mgeni asiyejulikana na uongozi huonwa kwa wasiwasi, na wana haki. Barua ya utambulisho kutoka ofisi hiyo utaihitaji tena na tena.

Tembea na kitambulisho cha NIDA. Huu ni ukanda ambao ofisa wa uhamiaji anaweza kupanda kwenye basi na kuuliza mtu mmoja mmoja. Mwenye kitambulisho anamaliza kwa sekunde chache.

Hatua ya pili: karatasi kabla ya hamu

Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanaweza kuvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa. Sisi hatumo kwenye mpango huo. Mtanzania anayekwenda Kenya anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari, na zote mbili hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Anayekusudia kuishi Moshi na kuvuka mara kwa mara achukue pasipoti. Hati ya dharura ni ya mtu mwenye msiba au safari ya ghafla. Viza hatuhitaji.

Chukua pia chanjo ya homa ya manjano na kadi yake. Chanjo huanza kuhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10, kwa hiyo usisubiri asubuhi ya safari. Ukichanjwa mara moja, kadi ni ya maisha.

Ukivuka na gari, kuna kadi nyingine ya njano, ya bima ya COMESA, ambayo hutolewa na kampuni za bima kabla ya safari, pamoja na kibali cha muda cha gari utakachopewa na forodha. Kadi ya gari isome jina lako, au uwe na barua ya mwenye gari.

Sasa yale ambayo yamewafikisha watu kituoni. Mirungi ni zao halali Kenya. Tanzania ni dawa ya kulevya. Utaiona Taveta ikiuzwa kama mchicha, na jirani yako kwenye gari anaweza kukuomba umbebee kifurushi kidogo tu. Usibebe kifurushi cha mtu yeyote, kidogo wala kikubwa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku pande zote mbili, Kenya tangu Agosti 2017 na kwetu tangu Juni 2019, kwa hiyo tembea na kikapu. Miche, mbegu na nyama mbichi zina wakaguzi wake, tangaza ulichobeba.

Hatua ya tatu: jifunze kusalimia na kuingia nyumbani kwa watu

Hili wengi huliruka, na ndilo linalofungua milango yote iliyobaki.

Shikamoo inafika kila mahali, pande zote za mpaka. Muuza duka mwite mangi, hata akiwa kijana. Mjini kote Moshi ndivyo wanavyoitwa. Mzee wa Kichaga ukimwita meku kwa heshima atageuka kukutazama vizuri. Ukipewa kitu sema aika, na mama mwenye nyumba atacheka na kukuongezea. Usijaribu kuigiza lahaja usiyoijua, kwa sababu Kimachame, Kikibosho, Kivunjo na Kirombo vinapishana sana, na mtu wa Rombo hapendi kusalimiwa kwa namna ya Machame kana kwamba Wachaga wote ni wamoja.

Usikate jani la isale. Ni ule mmea mrefu wenye majani membamba ya kijani unaouona kwenye kingo za vihamba. Unaweka mpaka wa shamba, unapandwa makaburini, na kwa desturi mtu aliyekosa akimpelekea mwenzake jani la isale, yule aliyekosewa hapaswi kukataa kusamehe. Usiku unaweza kupita mbele ya nyumba na kuona kaburi uani, limejengwa vizuri na kupandwa maua. Wachaga huzikana kihambani. Usipige picha pale, na usikae juu ya kaburi hata kama mtoto wa nyumba hiyo amekaa.

Ukialikwa kunywa mbege, nenda. Kinywaji hiki kinachukua karibu wiki nzima kutengenezwa: ndizi zilizoiva sana huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi ya udongo mwekundu, zinaachwa zichachuke siku kadhaa, kisha zinakamuliwa na kuchanganywa na uji wa ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Uchungu wake unatoka kwenye gome la msesewe. Kata hupokezanwa kuanzia kwa mkubwa, na mgeni hupewa baada ya mwenyeji kuonja mwenyewe mbele yako, kukuonyesha kwamba ni salama. Pokea kwa mikono miwili. Usipokunywa pombe, gusisha mdomo au sema mapema kwa upole, hakuna atakayechukia. Kitu kisichopendeza ni kushika simu wakati kata iko kwako na watu watano wanaingoja.

Chakula nacho kina nafasi yake. Mtori ni wa asubuhi, na wa mama aliyejifungua. Machalari, yaani ndizi na nyama, utayapata kwenye sherehe na kwenye hoteli ndogo za Himo. Kiburu ni ndizi zilizosongwa na maharage, chakula cha siku za kawaida, na kwangu mimi ndicho kinachoeleza kihamba kuliko vingine, kwa sababu kila kilichomo kimetoka hatua chache kutoka jikoni. Kisusio, supu yenye damu ya mbuzi, si ya kila mtu. Ukipewa na huwezi, mwombe mwenyeji akupe nyama.

Hatua ya nne: fuata masoko

Anzia Moshi mjini. Mbuyuni ndiko kwenye nafaka, maharage na ulezi, na Kiboriloni wanakuja watu wa vijijini na ndizi zao. Nenda asubuhi mara kadhaa, nunua kidogo kidogo kwa mama yule yule, halafu muulize anatoka wapi. Atakutajia kijiji, na siku ya gulio la kijiji hicho. Ratiba yako ya mwezi umeshaipata.

Magulio ya huku yamepangwa yasigongane, ili mchuuzi mmoja aweze kuzunguka wiki nzima. Marangu Mtoni na Mwika yana siku zake. Taveta ni Jumatano na Jumamosi. Loitokitok ni Jumanne na Jumamosi. Soko la Taveta ndilo ningependa kila mkazi wa Moshi alione walau mara moja. Kuanzia alfajiri magari yanashusha kreti za mbao za nyanya, magunia ya vitunguu, mikungu ya ndizi na machungwa ya kutoka kwetu. Wanunuzi wanatoka Voi na Mombasa. Mama wa Himo anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkoba kifuani chini ya kanga, anahesabu shilingi za Kenya kwa mkono wa kulia na kujibu simu ya mteja wa Moshi kwa mkono wa kushoto, na bei anaitaja kwa fedha zote mbili bila kusita. Jioni anarudi na sabuni, mafuta ya kupikia au sufuria.

Angalia kipimo kabla ya bei. Moshi tunapimiwa kwa sado, Taveta kwa gorogoro, na makopo hayo hayalingani. Mtu anaweza kushangilia maharage ya bei rahisi mpaka afike nyumbani na kuyapima upya. Mwombe muuzaji akupimie kilo, au beba kopo lako.

Kama unataka kufanya biashara ndogo, usiingie kwenye njia za panya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya nchi wanachama na ulio kwenye orodha iliyokubaliwa, unapita bila ushuru wa forodha kwa cheti chepesi cha uasili kinachojazwa hapo hapo mpakani. Cheti ni cha bure. Kodi na ada nyingine za ndani, za afya ya mimea kwa mfano, zinaweza kubaki, ila mzigo wako unakuwa na karatasi. Mama wengi wamepoteza mtaji wote porini, usiku, kwa kukwepa kitu ambacho mchana kingewagharimu kidogo sana.

Hatua ya tano: vuka Holili bila papara

Kutoka stendi kuu ya Moshi panda gari la Himo, au la Holili moja kwa moja. Barabara ni ya lami mwanzo hadi mwisho. Nenda asubuhi, jua likiwa bado la upole, kwa sababu Taveta iko chini sana kuliko Marangu na joto lake la mchana linachosha.

Holili na Taveta ni kituo cha pamoja. Unasimama mara moja tu, na unasimama kwenye nchi unayoingia. Ukitoka Tanzania, unapita majengo ya Holili mpaka upande wa Kenya, na ndani ya ukumbi mmoja unakutana na ofisa wa Tanzania anayekugongea muhuri wa kutoka, kisha wa Kenya anayekugongea wa kuingia. Kurudi ni kinyume chake: mambo yote yanaishia Holili. Wageni wengi huhangaika kutafuta dirisha la kutokea upande wetu na kuishia mikononi mwa vijana wanaojitolea kuwasaidia kwa malipo. Hakuna anayehitaji kulipwa ili akuonyeshe dirisha. Waulize walinzi.

Hakikisha mihuri yote miwili imegongwa. Bodaboda wanaokupakia kabla hujafika ukumbini watakwambia hakuna shida, na kweli kwenda hakutakuwa na shida. Shida itakuja siku ya kurudi, au siku ya kuomba viza ya nchi nyingine na pasipoti yako ina muhuri wa kutoka usio na mwenzake.

Fedha badilisha kwenye benki au duka lenye leseni. Wale wanaokufuata na mabunda mkononi waache wapite. Bei za kwetu zitajwe kwa shilingi ya Tanzania. Tangu 2025 kanuni zinakataza kutoza bidhaa za ndani kwa fedha za kigeni. Simu yako zima huduma ya kuzurura mitandao ya nje kabla hujafika, si Holili tu: hata ukiwa Rombo, ndani ya Tanzania kabisa, simu hukamata minara ya Kenya na salio huyeyuka.

Ukiwa Taveta na bado una siku, kuna lami hadi Voi, na Voi kuna kituo cha reli ya kisasa ya Mombasa na Nairobi. Kwa mkazi wa Moshi anayekwenda Mombasa, njia hii ni fupi kuliko kuzunguka Namanga.

Tarakea ni mpaka mwingine, mdogo na mtulivu zaidi, unaokutoa upande wa Illasit na kukupandisha Loitokitok, mji wa Wamaasai, Wakikuyu, Wakamba na Wachaga. Fuata utaratibu ule ule wa mihuri hata kama unaona wanakijiji wakipita na ndoo ya maziwa bila kusimama. Wao wanafahamika kwa sura na kwa ukoo.

Hatua ya sita: panda barabara ya Rombo taratibu

Kutoka Himo pinda kushoto, panda Marangu, kisha Mwika, Rombo Mkuu, Tarakea. Ni lami nzuri na unaweza kuimaliza kabla ya chakula cha mchana. Usifanye hivyo. Shuka.

Shuka Marangu kwanza, kijiji cha Yohani Kinyala Lauwo, anayekumbukwa kama kiongozi wa safari iliyowafikisha Hans Meyer na Ludwig Purtscheller kileleni Oktoba 1889. Tazama mahandaki ambayo Wachaga walijificha wakati wa vita na Wamaasai. Ukiwa bado upande huu, tenga siku nyingine kwa Kilema, ambako misheni ya Kikatoliki ilianzishwa mwaka 1890 na ambako kahawa ya Kilimanjaro ilipata mizizi. Kutoka kwenye kahawa hiyo wakulima walijenga chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, miongoni mwa vyama vya ushirika vya mwanzo kabisa Afrika. Jengo lake bado lipo mjini Moshi.

Baada ya Mwika utaona nchi inabadilika. Mvua nyingi hunyesha kusini mwa mlima. Ukizidi kuzunguka mashariki, migomba inapungua urefu, mahindi na maharage yanaongezeka, na maji yanakuwa jambo la kuzungumzwa. Keni ndiko alikotawala Mangi Horombo (mangi hapa ni chifu, si muuza duka), mtu aliyejenga ngome za mawe na kuwaweka majirani zake wengi chini ya mkono wake kabla Mzungu yeyote hajafika. Waulize wazee. Wao hawataanza na tarehe, wataanza na ukoo, na ukiwa na subira utapata picha kamili kuliko kitabu.

Waombe wakuonyeshe mfongo, mfereji wa asili wa kumwagilia. Maji hukingwa juu kwenye mto, yakaletwa kwa mteremko mdogo sana kupitia ubavu wa mlima hadi vihambani, na kila kaya ina zamu yake. Ukoo uliochimba ndio wenye sauti, na asiyekwenda kwenye kazi ya kuusafisha anapoteza zamu. Nenda siku ya kazi ukiwa na jembe lako. Utajua mengi kuhusu uongozi wa Wachaga pale kuliko kwenye jumba lolote la makumbusho.

Juu ya vijiji ni msitu na hifadhi. Ule ukanda wa nusu maili, ukingo wa msitu unaopakana na vijiji, una taratibu zake kwa wenyeji, na ukishaingia hifadhini ni lazima uwe na kibali na mwongozaji. Usifuate njia ya kuni ukidhani ni njia ya matembezi.

Hatua ya saba: fuata maji kutoka Chala hadi Jipe

Hii ndiyo safari ninayoipenda kuliko zote, na ningeigawa kwa siku mbili.

Siku ya kwanza ni Ziwa Chala. Njia yake inaacha lami upande wa Holili na kwenda kaskazini kwa vumbi. Huoni kitu mpaka ufike ukingoni. Hapo ardhi inakatika na chini yako kuna ziwa la bluu ndani ya shimo la volkano, lenye kina cha zaidi ya mita 90. Mpaka unapita katikati yake. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Maji yanakuja chini ya ardhi kutoka mlimani na kutoka chini ya ardhi vile vile. Kwenye tope la chini ya ziwa, wanasayansi waliochimba mwaka 2016 walipata kumbukumbu ya hali ya hewa ya zaidi ya miaka 200,000, na ndani ya maji kuna aina ya perege isiyopatikana mahali pengine popote. Vaa viatu vya kushika, mteremko ni mkali. Usiogelee hata ukiona wengine wanaogelea: mwaka 2002 mamba aliua mtu humo.

Sasa fuata maji. Mashariki mwa mlima yanatokeza tena Taveta, kwenye chemchemi za Njoro Kubwa, yanaingia Mto Lumi, na Lumi unamwaga Ziwa Jipe. Jipe nalo limekatwa na mpaka. Kutoka humo maji yanarudi Tanzania kwa Mto Ruvu, yanafika Bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Pangani na bahari. Mkulima wa Taveta akikausha chemchemi, mvuvi wa Mwanga anaona. Mkulima wa Rombo akikata msitu, wote wawili wanaona.

Siku ya pili, shika barabara kuu ya Same hadi Kifaru na uingie upande wa Jipe. Ni ziwa la kina kifupi, matete yamelifunika sehemu kubwa, na wavuvi wanasukuma mitumbwi kwenye vijia walivyovikata wenyewe. Kuna viboko. Panda mtumbwi na mvuvi anayetambuliwa na kijiji, asubuhi, na msivuke katikati ya ziwa: ng'ambo ya pili ni Kenya, tena ni Hifadhi ya Tsavo Magharibi.

Kisha tazama juu magharibi. Ile milima ni Ugweno. Barabara ya kutoka Mwanga kupitia Kikweni inakupandisha hadi huko na Usangi. Wagweno walikuwa wahunzi; ukoo wa Washana ndio uliofua chuma, na majembe na mikuki yao vilishuka hadi kwa Wachaga. Lugha yao iko karibu zaidi na Kichaga kuliko na Chasu cha majirani zao Wapare wengine, na ukimsikiliza bibi wa Ugweno baada ya kukaa Rombo, utaanza kuokota maneno.

Hatua ya nane: makaburi na mlima mdogo wa Salaita

Agosti 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, Wajerumani waliichukua Taveta. Februari 12, 1916 majeshi ya Uingereza, pamoja na askari wa Afrika Kusini, yalijaribu kuchukua kilima cha Salaita na kurudishwa nyuma. Mwezi uliofuata walipigana kwenye vilima vya Latema na Reata, na siku chache baadaye Moshi ikaangushwa. Reli iliyosogezwa kutoka Voi kwa ajili ya vita hiyo ndiyo iliyokuja kuungana na ya kwetu pale Kahe.

Makaburi ya wanajeshi yapo Taveta na yapo Moshi, yametunzwa vizuri. Wapagazi wetu, waliobeba risasi na unga na kufa kwa njaa na magonjwa, wengi wao hawana jiwe. Ukienda, nenda pia Old Moshi, Tsuduni, mahali Mangi Meli aliponyongwa na Wajerumani Machi 2, 1900 pamoja na viongozi wengine. Familia yake bado inadai fuvu lake lirudishwe kutoka Ujerumani. Nenda na mtu wa kijiji, na nenda kimya.

Wazee wa miaka 60 na zaidi waulize pia kuhusu kufungwa kwa mpaka, kuanzia Februari 1977 Jumuiya ya kwanza ilipovunjika hadi Novemba 1983. Watakueleza misiba ambayo ndugu walishindwa kuhudhuria, na magendo ya kahawa yaliyopita gizani.

Kalenda

Januari na Februari ni joto na anga safi; fanya Chala na Jipe. Machi hadi Mei ni masika, kaa mjini au Marangu kwenye lami, njia za vumbi zinakwama. Juni hadi Agosti mlima unajificha kwenye mawingu siku nyingi na Tarakea inahitaji koti, lakini kahawa inaanza kuchumwa na kila nyumba ina kazi ya kukupa. Septemba ni mwezi wa Ugweno. Chini, Taveta, Kahe na Jipe, lala kwenye chandarua mwaka mzima.

Desemba usipange safari ya mpakani kabisa. Wachaga wanarudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi na kutoka Nairobi na Mombasa, Holili inajaa, nauli zinapanda na vyumba vya wageni vinakwisha mapema. Kama umeshakaa vya kutosha, utakuwa umealikwa kihambani kwa mtu. Peleka sukari, majani ya chai na mchele, fika kabla ya mbuzi hajachinjwa, na uulize mapema kama utalala, ili mama apange vitanda.